Ruhusa ya Mikono ya Mokeira

Saa tatu kasoro dakika tano, Jumanne asubuhi, Bilhah Nyamusi aliligeuza shati ndani nje juu ya meza ya meneja na kuanza kuhesabu mishono ya kwapa. Alihesabu kwa ncha ya kalamu, akapata kumi na miwili kwa inchi moja. Kisha akahesabu kwapa la pili, maana mgeni huonyeshwa upande ulionyooka. Nalo lilikuwa na kumi na miwili.

"Chai, madam," alisema Johana.

Johana alikuwa meneja wa karakana hiyo ya ushonaji pale Chepilat, mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alikuwa ameandaa birika, mandazi na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, kwa imani kwamba mkaguzi aliyeshiba hana kalamu kali.

"Nimebeba yangu," Nyamusi akajibu, akatoa chupa ya chai mkobani.

Ndivyo alivyokuwa. Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba moja la chai upande wa Kericho, binti wa Wakisii waliokuja kuchuma, na akiwa na miaka saba alimwona karani akipima majani ya mama yake huku goti lake likiiinua mizani kwa chini, kidogo tu, kwa adabu. Tangu siku hiyo Nyamusi hakumwamini mtu. Hata mvua akiisikia juu ya bati, alitoa kiganja dirishani kwanza. Sasa alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, na ofisi moja ya Nairobi ilikuwa ikimlipa kwa tabia hiyo hiyo iliyowachosha ndugu zake.

Shati lilikuwa la Hedvala, kampuni ya nguo ya ng'ambo iliyowaahidi wateja wake kwamba hakuna mtu aliyeumia ili wao wapendeze. Lilikuwa limetiwa rangi kwa vumbi la chai ambalo viwanda hutupa, likatoka na rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Ndani ya ukosi palikuwa na lebo yenye jina la fundi aliyelishona. Hedvala ilitaka ipewe alama ya jani la kijani, ile inayopewa kampuni zisizodhulumu wafanyakazi wala kuchafua mito, na Nyamusi ndiye aliyetumwa kuamua kama inastahili. Fomu yake ilikuwa na maswali mia mbili na kumi na manne.

Majibu yote yalikuwa mazuri, na hilo lilimkera. Mitungi ya kuzima moto ilikuwa imejaa. Choo kilikuwa na sabuni, tena mpya. Maji ya rangi yalichujwa mara tatu kabla ya kumwagwa. Mafundi walikuwa arobaini na wawili, wote watu wazima, wote na mikataba. Nusu yao walikuwa Wasabato, wakipumzika Jumamosi. Nusu nyingine walisali Jumapili, wakipumzika Jumapili.

"Hapa hakuna mtu anaguza kazi siku ya Mungu wake," Johana alisema, na alikuwa akisema kweli.

Kilichomfanya Nyamusi akunje uso ni daftari la mita. Mlinzi, mzee Onchiri, alikuwa akiandika namba ya mita ya umeme kila jioni kwa hati nzuri ya shule ya zamani. Jumatano karakana ilikula umeme wa vyerehani arobaini na viwili. Jumamosi, siku ambayo nusu ya mafundi wako kanisani, ilikula umeme ule ule. Na Jumapili vivyo hivyo.

Nyamusi alilifunga daftari polepole. Alishayaona hayo kwingine. Wenye majina wakienda kupumzika, huletwa wasio na majina wakalie viti vyao: watoto, au wajane kutoka mbali, watu wasioandikwa popote. Akaomba kuongea na mafundi mmoja mmoja, faraghani, kwenye stoo ya vitambaa.

Wakaja kumi na wawili. Kila mmoja aliulizwa kama anapata siku ya kupumzika, na kila mmoja akajibu, "Tunapumzika vizuri." Maneno yalikuwa yale yale, kwa mpangilio ule ule, kama shairi la darasa la tatu.

Wa mwisho alikuwa Mokeira, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na mtoto wa miezi mitano amelala mgongoni. Mtoto aliitwa Antony. Mokeira alikuwa amechuma chai miaka kumi na mitatu kabla ya shamba kuleta mashine za kuchuma na kuwarudisha wanawake nyumbani.

"Napumzika vizuri," alisema kabla ya kuulizwa. Kisha akainama mbele. "Madam, hiyo karatasi yako iko na swali ya mikono?"

"Iko na ya glavu."

"Si glavu. Mikono."

Nyamusi akaitazama. Mikono ya Mokeira ilikuwa ikipiga pindo kwenye ncha ya shali ya mtoto, bila sindano wala uzi, na mwenyewe hakuwa akiiangalia.

"Sabato ya wiki ijayo nampeleka Antony mbele ya kanisa kwa wakfu," Mokeira akasema. "Mama ndiye anainua mtoto, Pastor anaomba. Huyu ni wa kwanza. Wawili walitangulia hawakukaa. Nataka kumwinua mimi mwenyewe, na mikono yangu."

"Na nani anakukataza?"

Mokeira aliutazama mlango. "Tunapumzika vizuri," akasema, akaondoka.

Jumamosi Nyamusi alirudi Chepilat bila kumwambia mtu. Ilikuwa karibu saa sita. Nusu ya maduka yalikuwa yamefungwa, na kutoka kilimani, nyuma ya soko, nyimbo za Wasabato zilisikika. Onchiri, mlinzi, alimfungulia lango bila swali na kumtakia Sabato njema.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Nyamusi aliingia akitafuta nyuso ngeni. Hakupata hata moja. Alihesabu vichwa, akapata ishirini na kimoja, vyote vya wale wa Jumapili, wote aliowaona Jumanne. Akahesabu vyerehani vilivyokuwa vikifanya kazi, akapata arobaini na viwili.

Kwenye vyerehani ishirini na kimoja hakukuwa na watu. Kulikuwa na mikono tu, jozi moja kwa kila cherehani, kuanzia kwenye vidole hadi kwenye kifundo, basi. Pale kifundoni ngozi ilikuwa imejifunga vizuri, laini, bila kovu. Mkono wa kulia ulisukuma kitambaa, wa kushoto ukakinyoosha. Juu ya kila kanyagio palikuwa na nusu tofali. Kipande kikikamilika, mikono ilikisogeza upande wa kushoto, kwa anayefuata, awe mtu au iwe mikono mingine, na kazi ikaendelea. Hewa ilinukia mafuta ya kukamulia ng'ombe.

Nyamusi alisimama kidogo. Kwanza alishukuru kwamba hawakuwa watoto. Kisha akaona aibu kwa kushukuru, akatoa fomu.

Karibu na dirisha, Chemutai, mwanamke mrefu aliyesali Jumapili, alikuwa akiitungia uzi sindano ya cherehani cha jirani.

"Hii mikono haioni tundu," akaeleza. "Yake Mokeira iko sawa kwa kila kitu, lakini uzi ukikatika lazima umsaidie. Kesho yeye atasaidia yangu."

"Na moto ukiwaka?" Nyamusi aliuliza, kwa sababu lilikuwa swali la thelathini na sita.

"Kila mtu anabeba jirani yake."

Nyamusi aliandika hivyo. Halafu akapanda kilimani.

Ibada ilikuwa ikimalizika. Watu walitoka wakiimba, kama ilivyo desturi: wa kwanza husimama nje ya mlango, wa pili humsalimu kwa mkono na kusimama kando yake, wa tatu huwasalimu hao wawili, mpaka mstari unauzunguka uwanja na kila mtu amemshika kila mtu mkono. Nyamusi alikulia kwenye mstari huo. Hakuwa amekanyaga kanisani kwa miaka miwili, lakini miguu yake ilijua la kufanya. Alishika mkono wa mzee wa kanisa, wa mkewe, wa bibi mmoja mwenye miwani. Wa nne alimpa kiwiko.

Wakati wa korona watu wote walisalimiana hivyo, na mgeni angedhani ni mazoea yaliyobaki. Nyamusi alihesabu. Viwiko vilikuwa vya wanawake ishirini na mmoja, vyote ndani ya nguo zenye mikono mirefu. Mzee wa kanisa alivishika kimoja kimoja, akitabasamu, bila kuangalia chini. Watoto waliwabebea mama zao vitabu vya nyimbo.

"Umeiona," Mokeira alisema. Walikuwa wamejitenga kando ya tangi la maji. Antony alikuwa amebebwa na mama mkwe, bibi mdogo wa mwili mwenye kitambaa cheupe kichwani.

"Nimeiona. Ilianza lini?"

Haikuwa siri. Hakuna aliyewahi kuulizwa, ndiyo maana hakuna aliyewahi kusema. Nchi ya chai inajua kwamba mwanamke akichuma kupita miaka kumi, kifundo cha mkono hulegea, na mkono ukizungushwa hutoka. Zahanati za mashamba huandika "kulegea" na kutoa dawa ya maumivu. Tatizo lilikuja na mashine. Wanawake waliporudishwa nyumbani, mikono yao haikukubali kukaa. Usiku ilichuma blanketi. Ilichuma nywele za watoto, ilichuma ua la jirani mpaka likabaki vijiti, na mume mmoja wa Silibwet aliamka hana nyusi. Johana alipofungua karakana aliwataka hao hao, maana alijua hakuna mikono yenye kasi kama hiyo. Mwaka wa kwanza Chemutai aliondoka kwenda kunywa chai akaisahau mikono yake kwenye cherehani, na aliporudi alikuta kola nne zimekamilika. Johana alilifikiria jambo hilo siku mbili, akamwomba vizuri. Chemutai akakubali. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mwingine kukataa, kwa sababu kazi aliyoikataa ilisukumwa kwa jirani yake.

"Tunaacha Ijumaa kabla jua kuzama," Mokeira alisema. "Jumapili asubuhi tunachukua. Wanaosha, wanapaka mafuta. Siwezi danganya, wanaitunza."

"Na kanisa?"

Kamati ya kanisa ilikaa mara mbili. Wazee waliipitia amri ya Sabato neno kwa neno. Walimkuta mwenye nyumba, mwanawe, bintiye, watumishi, mifugo na hata mgeni aliye malangoni. Mkono hawakuuona. Wakaandika hivyo kwenye kumbukumbu za mkutano na kufunga kwa sala. Kwa wale wa Jumapili jambo hilo halikufika hata kwenye kamati.

"Na mtoto, Ijumaa usiku akilia?"

"Mama mkwe anamshikilia ananyonya. Mimi namwimbia." Vifundo vya Mokeira vilikuwa vimeingizwa ndani ya mikunjo ya sketi, na vilitulia kabisa. "Madam, mimi sitaki kuharibu kazi ya mtu. Nataka tu Sabato moja. Ile ya Antony."

Nyamusi hakumwahidi kitu. Hakuwa mtu wa ahadi. Lakini alishuka kilimani akiwa na hasira, na ilikuwa hasira nzuri, iliyonyooka, ya kumfanya mtu atembee haraka.

Jumatatu asubuhi aliweka fomu juu ya meza ya Johana na kumwambia alichokiona. Johana hakuruka wala hakukana. Alifungua kabati na kutoa faili.

"Kila kitu kiko kwa maandishi, madam. Sisi si wahuni."

Ndani ya faili palikuwa na karatasi ishirini na moja za Wasabato na ishirini na moja za wale wengine. Kila moja ilisema, kwa Kiswahili safi: *Mimi, mwenye mikono hii, nimeiacha kazini kwa hiari yangu siku yangu ya mapumziko.* Chini palikuwa na sahihi. Nyamusi alizilinganisha na zile za mikataba, moja baada ya nyingine, kwa nusu saa nzima, akitafuta ya kughushi. Hakuna iliyokuwa ya kughushi. Kisha akaangalia tarehe.

"Hawa wamesaini Jumamosi."

"Ndiyo."

"Jumamosi wenyewe walikuwa kanisani."

"Wenyewe walikuwa kanisani," Johana alikubali. "Mikono ilikuwa hapa. Sasa madam, wewe niambie. Mtu anasaini na nini?"

Alisema bila kejeli. Johana hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Nyamusi kuliko yote. Alimpeleka mama wa fundi mmoja kaburini kwa gari lake mwenyewe. Alijua majina ya watoto wao wote. Na sasa alikuwa akimwonyesha, kwa fahari ya kweli, jedwali la mazingira ambalo Hedvala ilikuwa imemsifu kwalo: mikono haiendi chooni, kwa hiyo haitumii maji. Haihitaji chai, wala kuni za kuchemshia, wala taa, kwa sababu haioni. Ukiweka kwenye mizani madhara ya shati moja kwa mito na hewa, hakuna karakana Afrika Mashariki iliyoikaribia hii.

"Na hiyo tofali kwa pedali ni ya kuokota," Johana akaongeza. "Hatukununua mpya."

Nyamusi alitoka nje, akampigia Caren. Caren ndiye aliyesimamia wakaguzi wote kule Nairobi, mwanamke mpole, msomi, aliyeongea kama mtu anayemfunika mgonjwa blanketi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Jozi ngapi?" Caren aliuliza.

"Ishirini na moja kila siku. Jumamosi Wasabato, Jumapili wenzao."

"Ngoja niangalie standard." Kurasa zilisikika zikigeuzwa. "Hapa inasema mfanyakazi ni mtu. Mtu mzima, mwenye kitambulisho. Mkono peke yake hauna kitambulisho, Bilhah."

"Una alama za vidole."

"Hizo ni za mwenye mkono. Na mwenyewe alikuwa wapi?"

"Kanisani."

"Akipumzika?"

Nyamusi alihamishia simu sikio la pili.

"Basi mkono tutauweka kwa vifaa," Caren alisema. "Vifaa vya kazi vina swali moja tu. Vinatunzwa?"

"Wanaosha. Wanapaka mafuta ya kukamulia."

"Hiyo ni nzuri sana. Iandike kama mfano wa kuigwa."

"Caren, kuna mama hapa hawezi kumbeba mtoto wake tangu Ijumaa jioni mpaka Jumapili."

Caren pia alikuwa na watoto. "Pole kwake," akasema, na ilisikika kwamba anasema kutoka moyoni. "Lakini hilo halina swali. Ukitaka kuwakatalia, una haki, swali la mwisho ni lako. Unajua tu kitakachofuata."

Alijua. Miaka minne nyuma aliikatalia karakana moja kwa sababu ya vumbi la rangi, na alikuwa na haki kabisa, na mteja wa ng'ambo alihamisha kazi ndani ya wiki tatu. Jengo lile sasa linafugiwa kuku. Mafundi wake hakuna aliyemshukuru. Mmoja alikutana naye sokoni akavuka barabara.

Alikaa kwenye gari mpaka chai yake ikapoa. Aliipindua fomu huku na huku, akitafuta tundu la kupitishia jozi ishirini na moja, na hakuliona. Mwishowe alirudi ndani, shingo upande.

"Jumamosi hii Mokeira aende na mikono yake kanisani," akamwambia Johana.

Johana alijikuna kichwa. "Wiki hii tunapakia, madam. Order inaondoka Jumatatu. Na yake ndiyo ya kukunja, hakuna ingine inakunja hivyo."

"Fomu yangu inaondoka leo."

Walitazamana. Walielewana haraka, jinsi watu wa kazi wanavyoelewana, na hakuna aliyejivunia.

"Siku moja?"

"Siku moja."

Johana alitoa kitabu cha ruhusa, akaandika kwa herufi kubwa: *Mikono miwili, ya Mokeira. Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana.* Nyamusi aliziona saa hizo. Aliziacha zilivyo. Kisha akafungua ukurasa wa mwisho wa fomu na kuandika kwamba Hedvala inastahili. Alikuwa amekuja kwa ajili ya jozi ishirini na moja, naye alikuwa anaondoka na moja, kwa saa sita. Alijichukia mpaka Sotik.

Alhamisi Hedvala ilipewa jani la kijani. Ijumaa jina la karakana ya Chepilat lilitajwa kwenye tovuti ya kampuni, pamoja na picha ya kilima cha chai ambacho hakikuwa cha huko.

Jumamosi Nyamusi alikaa benchi la tatu. Mokeira alikuwa amevaa gauni la njano lenye mikono mifupi, wa pekee kati ya wenzake, na tangu wimbo wa kwanza alikuwa amempakata Antony bila kumpa mtu. Mtoto alikuwa na suti nyeupe ya kufuma. Wale wanawake wengine ishirini walimgeukia mara kwa mara na kutabasamu. Hakuna aliyeonyesha wivu, au kama walikuwa nao walikuwa wameuacha nyumbani.

Pastor Ondieki aliwaita mbele. Mama mkwe alisimama kushoto kwa Mokeira. Pastor alifungua mikono yake mwenyewe, akasema, "Mama, mwinue mtoto."

Mokeira akamwinua.

Mikono ilimshika Antony chini ya makwapa, ikampandisha hadi usawa wa kifua, ikasimama. Kidole gumba cha kulia kiliingia ndani ya suti na kupita kwenye mshono wa kwapa, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kikavuka upande wa pili, kikapita huko pia. Kulikuwa na kiuzi kinaning'inia, kikakatwa. Pastor alisubiri. Mikono ilimlaza Antony kifudifudi juu ya meza ya sadaka, ikaukunja mkono wake wa kulia nyuma ya mgongo, ukafuata wa kushoto, ikapandisha miguu, ikamnyoosha mgongo kwa kiganja mara tatu. Ikamgeuza. Mtoto alikuwa nadhifu, mdogo, mraba, na hakulia. Alikuwa akilitazama paa.

"Ni Antony," Mokeira alikuwa akiiambia mikono yake kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza ng'ombe asimame akamuliwe. "Simama. Ni Antony huyu. Mwinue."

Vidole vilipapasa kisogoni mwa mtoto, mahali panapokaa lebo. Vilipapasa mara mbili. Havikupata kitu. Basi mikono ilimsukuma Antony upande wa kushoto, kwa anayefuata, ikarudi katikati ya meza kungoja kingine.

Mama mkwe alimpokea. Alimkunjua taratibu, mkono mmoja, mguu mmoja, akamweka begani. Pastor Ondieki, ambaye alikuwa amewabariki watoto wengi katika hali nyingi, aliweka kiganja juu ya kichwa cha Antony pale alipokuwa, akaomba, na aliomba vizuri. Kanisa lote likasema amina. Mokeira alisema amina pia. Mikono yake ilikuwa ikikunja kitambaa cha meza.

Nyamusi alilia. Ni jambo ambalo halikuwa kwenye tabia yake, na alilifanya bila kelele, akiangalia viatu.

Nje, mstari ulizunguka uwanja kama kawaida. Walipofika kusalimiana, Nyamusi alimwambia Mokeira, "Nisamehe."

"Ya nini, madam? Umenipea Sabato yangu." Alimtazama mtoto begani kwa bibi yake. "Kesho jioni nikitoka kazini nitajaribu nyumbani. Ikipumzika siku mbili tatu inanisikia. Shida ni hazifiki mbili."

Saa nane kasoro dakika kumi Onchiri alipanda kilima na pikipiki ya karakana. Alikuwa na kikapu kilichofunikwa taulo safi. Hakuharakisha mtu. Alizima injini, akavua kofia mbele ya kanisa, akasimama kando.

Mokeira alikwenda mwenyewe. Mkono wa kulia uliushika wa kushoto kifundoni, ukauzungusha, ukauweka kikapuni. Kisha akabaki amenyoosha mkono wa kulia mbele, akatazama huku na huku. Ijumaa kazi hiyo hufanywa na Johana mlangoni. Mama mkwe alikuwa amembeba mtoto. Wenzake waliokuwa karibu walikuwa na viwiko tu.

"Nisaidie huu mwingine, madam," akasema. "Geuza kushoto."

Nyamusi alikishika kifundo. Kilikuwa na joto. Mkono ukamshika wake, kwa heshima, ukamsalimu, ukapapasa kidogo ncha ya sweta yake na kuiacha. Aligeuza kushoto. Haukumpinga hata kidogo. Ulitoka, akaushika kwa viganja vyote viwili asiuangushe, akaulaza kikapuni kando ya mwenzake, na Onchiri akafunika taulo.

"Asante," Mokeira alisema. "Wengine huvuta."